Ugoro wa Mama Ndani ya Ndege ya Manjano

Mamangu mzazi alimaliza kibuyu kizima cha mursik akiwa amesimama kwenye foleni ya ukaguzi, pale uwanja wa ndege.

"Maziwa haipiti, mathe," askari alimwambia. "Hiyo ni kitu ya majimaji."

"Na mimi napita?"

"Wewe unapita."

Basi Mama akainua kibuyu, akanywa mpaka tone la mwisho, akajifuta mdomo, akapita. Foleni ilipiga makofi. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Wacha nianze mwanzo ndio mnielewe.

Naitwa Cheruto. Nauza viatu vya mitumba mjini Nakuru na naishi Kiamunyi. Kaka yangu, Kipkoech, yuko Manchester na mkewe Truphosa. Baba yetu, mzee Kiprugut, alipofariki miaka minne iliyopita, Kipkoech hakuja kumzika.

Si roho mbaya. Wakati huo shirika kubwa la ndege lilikuwa linatamba peke yake kwenye njia ya Uingereza, na tiketi moja ilikuwa sawa na ng'ombe watatu wa maziwa. Kijana akatazama babake akiteremshwa kaburini kupitia simu yangu. Katikati ya maombi, bundles zikaisha.

Mama hakusahau ile siku. Hata mimi.

Halafu mwaka jana mambo mawili yakatokea kwa mpigo. Truphosa alijifungua mtoto wa kiume. Na kampuni moja changa ikaleta ndege za rangi ya manjano, zinaruka moja kwa moja mpaka Uingereza kwa nusu ya bei. Nusu, jamani! Pesa ambayo zamani ingempeleka Mama peke yake ilitupeleka sote wawili.

Sasa kwetu, jina la mtoto si la karatasi tu. Kina mama wanakaa naye, wanataja majina ya marehemu wa ukoo moja baada ya lingine. Jina litakalotajwa akapiga chafya, basi huyo ndiye amerudi. Chafya ikichelewa, kuna ugoro kidogo wa kuikumbusha.

Mama alikuwa na jina moja tu kichwani: Kiprugut.

"Si umuite tu kwa video call?" nilimwuliza.

"Kipkoech alimzika babake kwa simu," akasema. "Hatampokea kwa simu."

Nikaenda kukata tiketi.

Shida ilikuwa Mama Truphosa, mama mkwe wa Kipkoech. Huyu ni Mluhya wa mtaa wa Bondeni, na kwao pia marehemu wanaitwa. Mtoto analia, wanataja majina, akinyamaza tu hapo hapo wamepata. Naye alikuja na lake: mzee Sitati, babake, aliyekuwa dereva wa gari la moshi. Akaapa kufika kabla yetu.

Alikata tiketi ya shirika kubwa, na Bondeni yote ikajua. Tukakutana naye sokoni wiki moja kabla ya safari.

"Nasikia nyinyi mnaenda na ile ya manjano," akasema. "Woi! Hiyo hata maji wanauza. Sisi tunapewa kuku, blanketi, na hata soksi."

"Soksi?" Mama akashangaa. "Kwani mtashuka msukume?"

Siku ya safari, baada ya ile sinema ya mursik, tulipanda ndege yetu, tukakaa. Viti vimebanana, magoti yanagusa mdomo. Mlango ulikuwa karibu kufungwa tulipoona kundi la watu wamenuna likiingia. Ndege ya shirika kubwa ilikuwa imeharibika, kwa hivyo abiria wake wakanunuliwa viti kwa wale wale waliokuwa wanachekwa.

Mbele ya lile kundi, na kofia yake ya harusi, alikuwa Mama Truphosa. Akaangalia namba ya kiti chake, akaangalia Mama, akaangalia namba tena.

"Karibu kwa maskini," Mama akasema, na kuondoa mkoba kwenye kiti cha kando yake.

Huko juu njaa ikamshika Mama Truphosa. Akaita mhudumu, akatoa noti.

"Tunapokea kadi tu, madam."

Kadi hakuwa nayo. Sisi pia hatukuwa nayo. Kisha baridi ya ile mitambo ikaanza kumwuma, na blanketi nalo lilikuwa la kuuzwa.

Mama alimwacha ateseke kidogo, nisiwadanganye. Alifurahia kabisa. Halafu akafungua mkoba, harufu ya kuku wa kienyeji, viazi vya Keringet na chapati ikajaa ndege nzima.

"Si ulisema utapewa kuku?" akamwekea paja mkononi. "Kula. Hii ndio airline yangu."

Mama Truphosa alicheka mpaka kofia ikaanguka.

Wakala. Wakajifunika blanketi moja, lile zito la Mama analovaa hata akienda kanisani. Wakavuta ugoro kidogo kutoka kopo la Mama, wakapiga chafya mpaka mhudumu akaja kuuliza kama kuna mgonjwa. Na hapo katikati Mama akamweleza ile siku ya mazishi, jinsi simu ilikatika kabla Kipkoech hajasema kwaheri.

Mama Truphosa alijifunika uso kwa leso. Alilia tu.

Kesho yake tulikaa sebuleni kwa Kipkoech. Mama akaanza.

"Kiprugut!"

Mtoto akapiga miayo.

"Kiprugut! Kiprugut, njoo!"

Hakuna kitu. Mama akatafuta kopo la ugoro kwenye mkoba. Halipo. Akapekua tena.

"Labda hataki kurudi," akasema polepole. "Labda alikasirika."

Kipkoech aliinamisha kichwa. Niliumia vile sijawahi kuumia.

"Lete mimi nijaribu," Mama Truphosa akasema.

Sote tulijua atamwita nani: mzee Sitati. Akampakata mtoto, akampangusa uso kwa ncha ya leso, akainama sikioni.

"Kiprugut!"

Chafya! Halafu nyingine!

Mama alipiga vigelegele mpaka jirani Mzungu akafungua dirisha. Kipkoech akamchukua mtoto, akamkumbatia kifuani.

"Baba, karibu," akasema. "Pole sikukuja."

Wote walikuwa wanamtazama mtoto. Mimi nilikuwa natazama kidole cha Mama Truphosa. Kilikuwa na unga wa kahawia.

Alinikuta jikoni, akanitilia kopo mkononi.

"Rudisha kwa bag ya mamako. Na ufunge mdomo."

"Na mzee Sitati?"

"Treni yake ilikuwa inapisha zingine kila siku. Amezoea," akasema. "Atangojea mtoto wa pili. Ticket si ni nusu? Tutarudi."

Siku hizi shirika kubwa nalo limeshusha bei. Limeondoa kuku, limeondoa soksi, na maji linauza. Mama anasema wamesoma kwake.

Yeye hayuko Facebook, kwa hivyo wewe unayemjua, tafadhali, usijitie kimbelembele kumwambia habari ya kopo.

Na funzo langu ni hili: ukipanda ndege ya bei ya chini, beba chakula cha watu wawili. Anayekucheka leo anaweza kuletwa kando yako na njaa yake, na kesho ukimpa mtoto wenu ashike, ndiye atakayeita jina la baba yako.