Mwalimu Ladislaus na Meno ya Ngoja

Mwalimu Ladislaus wa Mnyambe ameongoza kwaya ya kigango tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Akiinua kidole kimoja tu, besi wanameza sauti na soprano wanasahau kikohozi walichotaka kukohoa. Kidole hichohicho ndicho alichomwinulia mtoto wa mbwa siku alipoletwa nyumbani, amwoneshe mapema nani ni nani. Mbwa alikitazama, akakinusa, akakiuma.

Mbwa huyo alitoka Chiungutwa kwa shemeji wa Mwalimu, ndani ya boksi la sabuni lililofungwa nyuma ya bodaboda, aje kulinda korosho. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyempa jina la Ngoja.

"Mwizi akisikia naita Ngoja," alimweleza mkewe Bibiana, "atajua kuna jambo linamsubiri."

Bibiana alikitazama kile kiumbe chenye tumbo la mviringo kikijikwaa kwenye ndala, akaziokota ndala na kuziweka juu ya dirisha.

Ubaya wa jina haukuchelewa kuonekana. Mbwa akimrukia mtu, Mwalimu alipiga kelele, "Ngoja! Ngoja!" Naye, akidhani anaitwa, alikuja mbio zaidi, mdomo wazi. Aliuma vidole, visigino na pindo za suruali. Mwalimu alipomsukuma kwa mguu, aliona sasa ndiyo mchezo umenoga, akaning'inia kwenye suruali kama kupe. Bibiana alizishona suruali mbili, ya tatu akamrudishia mumewe pamoja na sindano.

Yote hayo Mwalimu angeyavumilia, kama si Ashiru.

Ashiru ni jirani na rafiki yake wa tangu ujana. Kila alasiri alikuja barazani wacheze drafti, kisha akaondoka kwenda msikitini. Siku moja Ngoja alilidaka pindo la kanzu yake, akalivuta na kulilowesha mate mpaka magotini.

"Baba Rose," Ashiru alisema taratibu, amelishika pindo kwa mbali, "wewe kwako ni mate tu. Mimi nguo hii nasalia."

"Nisamehe, ndugu yangu. Ni mtoto huyu."

"Sina ugomvi na mtoto. Akikua, nitakuja."

Hakuonekana tena. Mwalimu alijaribu kucheza peke yake, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto, lakini kila mara mkono wa kulia ulishinda, akaanza kuutilia shaka. Bibiana alimwona akiwa ameduwaa mbele ya ubao na vifuniko vyake vya soda, akamhurumia. Alicheka kwanza, kisha akamhurumia.

"Muulize yule binti wa mifugo," alimwambia. "Jogoo wako alipougua si ulimwita?"

Elineema, afisa mifugo wa kata, alikuwa ametoka Same na bado hajaizoea baridi ya asubuhi ya Newala. Alikuja na koti zito na chanjo ya kichaa cha mbwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Huyu ananila mzimamzima."

Elineema alikaa kumtazama mwenye nyumba akipambana na mbwa wake, akajizuia kucheka. "Meno yanamwasha, Mwalimu, na wewe unampigia ngoma acheze. Akikuuma, sema 'au!' mara moja, halafu ganda. Mpe mgongo. Usimwangalie wala usimsemeshe. Akitulia, mpe kitu chake cha kutafuna, na umsifu."

"Nimsifu?"

"Ndiyo. Kwa sauti laini."

Mwalimu alimtazama kama mtu aliyeambiwa aimbe soprano.

Bibiana alikata kipande cha kanga kuukuu, akakifunga fundo na kukilowesha maji ya mtungini. Ngoja alilipenda fundo hilo kuliko kisigino chochote. Kuganda ndiko kulikomshinda Mwalimu. Alipoumwa alisema "au!" kwa sauti ya besi iliyofukuza kuku wa jirani. Lakini alijifunza, na mbwa naye, alipoona kila akiuma mchezo unakufa, akaanza kulegeza taya.

Ikabaki kumzoeza kamba. Siku ya kwanza Mwalimu alimfunga kamba ya katani shingoni, akashika njia ya sokoni. Ngoja aliketi. Mwalimu akavuta, Ngoja akalala chali. Waliokuwa wakiuza ming'oko, vile viazi vya porini, kando ya njia waliacha biashara.

"Mwalimu, unauza au unaburuta?" mmoja aliuliza.

Akarudi nyumbani amembeba.

Elineema alipopita tena alimwelekeza: kwanza ukanda mwepesi shingoni, auzoee akiwa anakula, kisha kamba nyepesi aiburute mwenyewe uani. Baadaye Mwalimu aishike bila kuvuta. Mbwa akikaza kamba, asimame. Kamba ikilegea, dagaa mmoja na neno zuri.

Basi asubuhi moja Bertila, soprano wa miaka mingi, alikuwa akipita na ndoo yake ya maji aliposikia nyuma ya uzio sauti tamu asiyoijua: "Vizuri sana, baba! Vizuri kabisa! Hivyohivyo, mwanangu!" Akachungulia. Alikuwa Mwalimu Ladislaus, ameinama, dagaa mkononi.

Bertila aliitua ndoo. "Mwalimu, sisi tumekuimbia Pasaka ngapi? Hata 'si vibaya' hatujaisikia."

"Nyinyi hamuumi," Mwalimu alijibu, akijinyoosha haraka.

"Tungejua tungeuma."

Habari ilifika mazoezini kabla yake. Jumamosi hiyo, wimbo ulipokwisha, wanakwaya wote walimtazama kimya, wakisubiri. Mwalimu alikohoa, akapekua karatasi, akatazama dari. "Vizuri," alisema hatimaye, kwa shida. Wimbo uliofuata waliuharibu vibaya, maana nusu yao walikuwa wakicheka.

Hazikupita siku nyingi, Ashiru akatumiwa ujumbe. Alikuja, akasimama mbali kidogo na baraza, kanzu ameikusanya mkononi. Ngoja alimwona, masikio yakasimama, akachomoka. Kamba ilipokaza Mwalimu alisimama pale alipo, bila neno. Ngoja akageuka kumtazama, akasita, akarudi kuketi kwenye kiatu cha bwana wake, na fundo lake mdomoni.

"Mmh," alisema Ashiru. Aliketi kwenye kigoda upande wa pili wa baraza, kamba isikofika, ubao wakauweka katikati.

Mwalimu aliona fahari kiasi kwamba kila hatua alikuwa akigeuka kumtazama mbwa wake. Ashiru alimla kete moja, kisha mbili, kisha kingi, bila haraka, na kabla ya adhana alikuwa amemfunga mara zote.

"Kesho umlete tena hapo karibu," alisema akiinuka. "Ananisaidia."