Yaya Aliyenyimwa Neno

Mzee yule mwongozaji wa filamu aliponiomba nimwandikie maneno ya Kiswahili ya filamu yake mpya, nilikubali kabla hajamaliza kuuliza. Mimi nilikuwa na riwaya moja iliyosomwa na marafiki. Yeye alikuwa ameongoza filamu kumi na moja India. Alizaliwa Unguja, mtoto wa mwenye duka la vitambaa. Baada ya Mapinduzi wazazi wake waliondoka naye, akiwa na miaka saba. Bombay alianza kwa kupeleka chai studio, kisha kwa miaka minane akaandika maneno yaliyowapa waigizaji sifa, na jina lake halikutokea kwenye skrini hata mara moja. Aliponisimulia hayo, mezani kwangu Thamesmead, London, sauti ilimpanda kwa hasira. Nilimpenda kwa hasira ile.

Filamu ya kumi na mbili ilihusu utoto wake. Mwishoni familia inaingia garini, na yaya aliyemlea anabaki mlangoni. Nilimpa yaya sentensi moja tu, niliyohangaika nayo wiki nzima: "Mama, nikishafagia, ufunguo nimpe nani?" Mwanamke yule alikuwa akipoteza kazi na watoto aliowaogesha, na hakuna aliyemwambia kesho aamkie wapi. Angalau aulize.

Akaifuta. Alie tu, alisema, machozi hayahitaji tafsiri.

Nikamwambia filamu zake zote nimezitazama, na hakuna hata moja isiyokuwa na mtumishi aliyebeba sinia na kufumba mdomo. Yeye, aliyejua uchungu wa kunyimwa jina, alikuwa amewanyamazisha watu kumi na mmoja.

"Mwanangu, mimi nilikuwepo," alisema, kwa Kiunguja kitamu kuliko changu. "Hakusema kitu."

"Ulikuwepo wapi, ami?"

"Garini."

"Vioo vilikuwa wazi?"

Akazungusha kikombe chake. "Vilifungwa. Baba aliogopa."

"Basi umejuaje kwamba hakusema?"

Akainuka. Alipokuwa akivaa koti aliahidi kuirudisha sentensi yangu, akanialika Jumamosi nije nimsikie.

Kwa watu wa filamu za Bombay mswada hausomwi, husimuliwa. Mwongozaji husimama mbele ya wenye fedha za kugharimia filamu na kuwa kila mtu peke yake. Jumamosi ile, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la sari huko Stratford, alikuwa baba, akawa mama, akawa askari, akaimba nyimbo zote sita. Nilisahau kupumua. Alikuwa fundi, sitamnyima hilo. Kisha akafika kwa yaya pale mlangoni. Nikashika kiti kwa mikono miwili.

Akafunika uso kwa viganja, akalia. Hakuna neno. Wale wanaume wawili wenye fedha wakatoa vitambaa vyao, wakajifuta macho.

 Nilisimama nyuma ya viti. Kiswahili humo tulikijua wawili tu, mimi na yeye, nami nikasema kwa sauti, polepole, kama mtu aliyeshika ufagio: "Mama, nikishafagia, ufunguo nimpe nani?"

Viganja vikashuka. Alinitazama, na safari hii hapakuwa na kioo kati yetu. Mmoja wa wale wanaume akageuka, akamuuliza kwa Kiingereza nimesema nini.

"Anasema," akamjibu, "kwamba hadithi imemgusa sana."

Wakanitikisia vichwa kwa shukrani. Mmoja wao akanipigia makofi.