Mafundo ya Bi Kioo

Mtaani walimwita Bi Kioo kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa akiyeyusha unga wa kioo juu ya shaba mpaka ushike na kung'aa, rangi isitoke hata ukiisugua miaka na miaka. Sahani za kupamba sebule, vibao vya milango, fremu za vioo vya ukutani, vyote vilitoka kwenye kile chumba chake cha uani. Shule aliikimbia kabla ya kumaliza darasa la pili, wala hakuona haya, mradi asiulizwe.

Chupa zake za unga alizijua kwa uzi. Kila shingo ya chupa ilifungwa uzi wenye mafundo: nyekundu fundo moja, kahawia mawili, kijani matatu, na kuendelea. Miaka arobaini mafundo hayo hayakumdanganya.

Asubuhi hiyo alikuta rafu inameta. Mke wa mwanawe, mwalimu wa watoto wadogo, alikuwa amefanya usafi. Ameosha chupa zote, amekata nyuzi, amenakili majina ya kiwandani yaliyokuwa chini ya kila chupa na kuyabandika ubavuni kwa mwandiko wa kuvutia.

"Umeona, mama? Sasa hata mgeni haulizi."

"Nimeona. Na zile nyuzi?"

"Zile chafu? Nimezitupa."

Bi Kioo aligeukia meza yake ya kazi. Saa nane fundi seremala angekuja kuchukua vibao kumi na viwili vya milango ya kabati. Kumi na kimoja vilikuwa tayari, kila kimoja na ua jekundu. Cha mwisho kilibaki kutiwa rangi tu. Siku tatu nzima alikuwa amekipindia waya mwembamba wa fedha, petali moja baada ya nyingine, mpaka macho yakamtoka machozi. Na unga mwekundu na wa kahawia, kabla haujapita motoni, hufanana kama mapacha.

"Nikusomee, mama?"

"Unisomee nini? Chupa hizi ninazo tangu mumeo anatambaa!"

"Haya, mimi simo."

Lakini hakuondoka. Alisimama mlangoni amefunga mikono. Angekuwa peke yake, Bi Kioo angejaribu kwanza kwenye kipande cha shaba, dakika tatu tu, akajua. Sasa ajaribu mbele ya mkwe, aonekane kama mwanafunzi? Hata! Akashika chupa moja, akaipima mkononi, akairudisha, akachukua ya pili. Akaloanisha unga, akaujaza kwa brashi ndani ya kila petali, akauacha ukauke juu ya tanuri, kisha akakisukuma kibao ndani kwa uma mrefu wa chuma. Akahesabu kimoyomoyo. Akakitoa.

Kilikuwa cheusi tii.

"Mama! Kimeungua!"

"Tulia wewe. Nyekundu ikiwa na moto hutoka hivyo."

Hakusema kwamba kahawia nayo hutoka hivyo hivyo. Alisimama akiitazama shaba. Pembeni weusi ukaanza kulegea. Petali ya kwanza ikawa kahawia kama kutu. Kisha, taratibu, kama damu inavyorudi kwenye kidole kilichofungwa kamba, ua zima likaiva. Jekundu! Jekundu kama wenzake kumi na moja.

 Akajibwaga kwenye kigoda, akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani.

"Kwani ulikuwa na wasiwasi, mama?"

"Wasiwasi wa nini? Joto la tanuri hilo."

Akajipepea. Akakitazama tena kibao. Halafu akasema, bila kugeuka: "Kalete uzi ndani."

Mkwe alirudi na kibunda cha uzi, akakuta kigoda cha pili kimevutwa karibu.

"Keti. Wewe soma, mimi nifunge."

Yule mwalimu akatazama rafu, akamtazama mama mkwe, akaelewa. Hakucheka. Akashusha chupa ya kwanza.

"Nyekundu."

"Fundo moja. Lete nyingine."

"Kahawia."

"Mawili. Na hizo karatasi zako ziache hapo hapo. Zinapendeza."