Kifo Kimoja Ambacho Hakikuandikwa

Watu wengi wanaokuja ofisini kwetu kuomba nakala ya cheti cha kifo hutafutia mahali sipo. Wanakuja na tarehe aliyokufa mtu wao, wameiandika kiganjani au nyuma ya picha, wanaitaja kwa uhakika wote, halafu karani akifungua daftari la siku hiyo hakuna kitu. Hapo kelele huanza. Mmepoteza, mnaficha, mnataka chai. Kumbe madaftari yetu hayafuati siku ya kufa, yanafuata siku ambayo mtu alisimama kaunta akasema fulani amekufa. Mama yenu akifa mwezi wa tatu, nanyi mkabaki mkigombania nani aje kutoa taarifa mpaka mwezi wa kumi, basi mtafuteni mwezi wa kumi. Nimeyasema haya mpaka koo limekauka, na kesho nitayasema tena.

Aliyenifundisha ni Mzee Jalada. Halikuwa jina lake. Alibandikwa na makarani wa zamani, kwa sababu alikuwa mwembamba na mkavu, na kila kitu ndani yake kilikuwa mahali pake. Alitunza chumba cha nyuma, chenye rafu kumi na nne za chuma, madirisha mawili yaliyogoma kufunguka, na ngazi ya mbao ambayo mguu wake mmoja ulifungwa kamba. Wakubwa walitaka kumnunulia mpya, akakataa. Alisema ile ya zamani inamjua. Mimi nilikaa mbele, kwenye kaunta, na mihuri yangu mitatu, ndiyo maana akaniita Mihuri. Tulifanya kazi pamoja miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo sikumbuki siku aliyonisifu, ila siku moja aliniambia kwamba muhuri wangu haujapinda sana.

Alikuwa na kazi nyingine ambayo hakutumwa na mtu. Kila asubuhi, kabla ya kuvua koti, alikata tanzia kwenye magazeti mawili, akazibandika kwa gundi katika kitabu kikubwa, chini yake akaandika tarehe kwa penseli. "Serikalini watu huchelewa," aliniambia, "lakini gazetini huwahi, maana wanataka majirani waone." Kwa hiyo marehemu ambaye tarehe yake haijulikani alianza kutafutwa kwenye tanzia, akishapatikana, Jalada anahesabu kutoka hapo kwenda mbele, wiki kwa wiki, mpaka daftari liseme. Kwa njia hiyo aliwapata watu waliokuwa wametafutwa miaka na ndugu zao wenyewe. Kuna mjane mmoja aliyeletewa tanzia ya mumewe akajikuta ameandikwa humo "dada wa marehemu", na jina la mke ni la mwingine. Jalada alikuwa ameshaiona. Alimletea kiti kwanza. "Keti, mama," akamwambia, "hii inasomwa mtu akiwa ameketi." Mama yule alisoma, kisha akauliza kama nakala inaweza kupigwa mbili, moja ampelekee huyo wifi yake.

Tulicheka sana siku ile, baada ya yeye kuondoka. Katika kazi kama yetu usipocheka utaoza.

Jalada alikuwa na mtoto mmoja tu, binti. Mkewe alikuwa ameshatangulia zamani, kabla mimi sijaajiriwa. Binti huyu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika mpaka barabarani. Alikuwa akipita ofisini Ijumaa mchana kumletea baba yake chakula, na akifika kaunta ananiuliza, "Shangazi, mfungwa wenu anaendeleaje?" Akaolewa na fundi umeme, kijana mtulivu, wakapata mtoto wa kike. Mtoto alipofika miaka mitano, mama yake akashikwa na tumbo, akapasuliwa, kidonda kikaingia sumu.

Siku hiyo simu ya kaunta ililia saa saba na nusu mchana. Nilipokea mimi. Alikuwa mkwe wa Jalada, anapiga kutoka hospitali. "Mwambie baba aje sasa hivi," alisema, akakata. Nilikimbia chumba cha nyuma. Jalada alikuwa juu ya ngazi, na chini yake alisimama mzee mmoja aliyetoka mbali kutafuta kifo cha baba yake. Nilimwambia. Alinitazama, akasema, "Namalizia huyu. Nimeshafika mwaka wake." Alimalizia. Ilichukua kama dakika arobaini, kisha akashuka, akavaa koti, akaenda. Alipofika, mwanawe alikuwa ameshafunikwa shuka.

Mimi sikumvuta koti. Sikumwambia acha hilo daftari, huyo mzee baba yake amekufa zamani na hatakufa tena leo. Nilirudi kaunta kupiga mihuri. Hilo ni langu na nitazikwa nalo.

Alizika, akakaa nyumbani siku saba, siku ya nane akarudi na gundi yake. Tuliona amekaza uso, tukasema mzee ni jabali. Wahenga walishasema, mwenye kovu usidhani kapoa, lakini sisi tuna kawaida ya kuyatamka ya wahenga na kuyasahau hapohapo.

Miaka mitatu ikapita. Jumanne moja mkwe wake akatokea kaunta, amejaza fomu ya kuomba nakala ya cheti cha kifo cha mkewe. Alinieleza vizuri. Amepata mkataba wa kazi nje ya nchi, miaka miwili, na ameshautia saini. Ataondoka mwisho wa mwezi. Anataka kwenda na binti yake, ambaye siku za kazi alikuwa akishinda na kulala kwa babu. Lakini ubalozi umemwambia mtoto hasafiri na mzazi mmoja bila idhini ya mzazi wa pili, au cheti cha kifo chake. Mwisho wa kupeleka ni Ijumaa. Bila karatasi hiyo yeye ataondoka peke yake, na mtoto atabaki.

"Kwani cheti chenyewe hukuwahi kuchukua?" nilimuuliza.

"Baba alisema nimwachie yeye," akajibu. "Nikaona ndiyo kazi yake. Nikimuuliza anasema kipo, nisiwe na wasiwasi."

Nilimcheka kidogo. Mtu ameoa kwa mtunza madaftari halafu anapanga foleni! Nikamwambia akae, atakipata kabla chai haijapoa. Jalada mwenyewe hakuwepo siku hiyo, alikwenda kupimwa macho. Nikaingia chumba cha nyuma peke yangu, nikatafuta kama alivyonifundisha. Siku ya kufa, hakuna. Wiki ile, hakuna. Nikasogea mbele mwezi, miezi sita, mwaka, nikapanda ngazi ile mbovu na kushuka, mpaka nikafika daftari la wiki iliyopita. Hayumo. Nikafungua kitabu cha tanzia. Humo alikuwemo, na picha yake, anacheka, amebandikwa sawasawa, na tarehe kwa penseli chini yake.

Kinyozi hajinyoi. Nilikaa juu ya ngazi nikakasirika, nasema kweli, nilikasirika kabla ya kuhuzunika. Mtu aliyewafokea watu miaka thelathini kwa kuchelewa siku tatu! Nilimwambia mkwe arudi kesho kutwa, nikamdanganya kwamba kuna daftari limepelekwa kujaladiwa.

Asubuhi iliyofuata nilimfuata chumba cha nyuma, nikafunga mlango. Alikuwa anakata tanzia.

"Mzee," nikasema, "mkwe wako alikuja jana."

Mkasi ukasimama. Hakuuliza alifuata nini.

"Nimetafuta mpaka wiki iliyopita."

"Hutampata," alisema. "Sikumwandika."

"Kwa nini? Wewe?"

Aliweka mkasi chini, akauelekeza upande wake, kama anavyoweka siku zote. "Nimechukua fomu mara tatu, Mihuri. Jina najaza. Umri najaza. Halafu inauliza saa ya kifo. Nitaandika saa nane na nusu mchana. Inauliza nani alikuwepo. Mtu yeyote atakayelifungua daftari lile, leo au miaka mia ijayo, ataona saa nane na nusu baba yake hakuwepo. Na mimi najua nilikuwa wapi. Nilikuwa hapo juu, namtafutia mtu mwingine maiti wake."

Nikasema la kwangu. "Mimi ndiye niliyepokea simu. Ningekushusha."

"Ungenishusha na nani? Na vikono hivyo vya kupigia mihuri?" Alijaribu kucheka, kikohozi kikamshinda.

"Na mtoto?" nikamuuliza. "Unajua bila karatasi hii atabaki kwako."

"Si kwa ajili hiyo," akasema upesi. Kisha akakusanya vipande vya gazeti mezani. "Na kwa ajili hiyo pia. Ana sauti ya mama yake. Akiniita kutoka jikoni nasahau kidogo."

Ningekuwa na roho ya huruma tupu ningemwacha. Lakini mimi nimesimama kaunta miaka mingi na nimeona watoto waliokua wakaja kuwatafuta baba zao humu. Nikamwambia, "Mzee, mtoto huyu alimkosa mama yake bila kosa la mtu. Baba yake akimkosa, itakuwa ni wewe." Nilijuta maneno yale yalipokuwa yanatoka, na sikuyarudisha.

Nilitoka.

Saa tano hivi nikamwona upande wa pili wa kaunta, upande wa watu. Amevua kitambulisho cha kazi shingoni. Alipanga foleni nyuma ya mama mwenye mtoto mgongoni na kijana aliyekuwa akigombana na simu yake. Karani mwenzangu alitaka kumpisha mbele, akakataa kwa kichwa. Alipofika kwangu, alitoa bahasha ya kaki, ndani yake barua ya hospitali iliyokwisha kuwa njano kwenye mikunjo, na kitambulisho cha uraia cha bintiye.

"Nimekuja kutoa taarifa ya kifo," alisema.

Nikachukua fomu. Nikauliza jina, akalitaja lote, matatu. Nikauliza umri. Nilipotaka kuruka, maana majibu nilikuwa nayajua, akagonga kaunta kwa kidole.

"Uliza yote. Wengine huwarukii."

Nikauliza saa. Saa nane na nusu mchana. Nikauliza nani alikuwepo. "Mume wake," akasema. "Mume wake peke yake." Nikauliza uhusiano wa mtoa taarifa na marehemu. Baba. Ikabaki sababu ya kuchelewa, ambayo sheria yetu inataka iandikwe ikizidi mwezi mmoja. Nilisubiri.

"Andika hakuweza," Jalada alisema.

Nikaandika hivyo. Akatia saini, saini ileile iliyo chini ya maelfu ya kurasa zetu, ila safari hii upande wa kushoto, wanakosaini wafiwa. Nikakata kona ya kitambulisho cha binti kukibatilisha, kama utaratibu unavyotaka, na yeye akatazama mpaka mkasi ulipofunga. Kisha akavaa kitambulisho chake cha kazi, akaingia ndani, akamwandika mwenyewe kwenye daftari.

Alhamisi mkwe alirudi na mtoto. Sasa alikuwa na miaka minane, mrefu kwa umri wake, na ile sauti kweli anayo. Nilimwita Jalada aje, nikidhani nafanya wema, naye akazunguka kaunta akasimama nao upande wa watu. Mkwe alisoma cheti, akaona tarehe ya kuandikishwa, akamtazama baba mkwe wake. Alimshika mzee bega, akaliachia, na mimi nikamheshimu kijana yule tangu siku hiyo.

Mtoto alikichukua cheti akakisoma kwa sauti, kwa sababu watoto wa darasa la tatu husoma kila kitu kwa sauti. Alisoma jina la mama yake. Alisoma jina la hospitali. Akafika chini.

"Babu, mtoa taarifa ni nini?"

"Ni mtu anayekuja kusema," Jalada akajibu.

"Kusema nini?"

Kwa miaka mitatu, huyu mzee hakuwahi kulitamka neno lile mbele ya mtoto. Alikuwa akisema mama yako hayupo, mama yako angefurahi. Baba mtu ndiye aliyemweleza. Jalada alishika ukingo wa kaunta.

"Kusema kwamba mama yako amekufa."

Mtoto akatazama tena karatasi, akaweka kidole kwenye tarehe ya juu, kingine kwenye ya chini, akahesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza.

"Ulichelewa, babu," akasema.

"Nilichelewa, mjukuu wangu."

Mtoto alimpa baba yake cheti, akamshika mkono, wakatoka, maana dirisha la ubalozi lilikuwa linafungwa saa tisa. Jalada alibaki amesimama pale. Nyuma yake kulikuwa na watu sita, na wa mbele alikuwa ameshanyoosha fomu yake juu ya bega la mzee. Nikaipokea.