Mstari Chini ya Chokaa

Kila mwaka, siku chache kabla ya Idi, wajukuu zangu hukoroga chokaa kwenye ndoo ya bati na kupaka kuta za nyumba yetu hapa Biryogo, mtaa wa Waswahili. Harufu ile ya chokaa mbichi, yenye baridi na ukali puani, hunitoa nje. Huchukua kiti changu nikakaa kando ya njia mpaka kuta zikauke. Wao wanadhani ni kifua. Nimewaacha wadhani hivyo miaka mingi. Leo nitawaeleza ninyi kwanza, kisha nitapata nguvu ya kuwaeleza wao.

Ninamshukuru Mwenyezi Mungu. Amenipa umri, amenipa watoto na wajukuu, amenipa macho ya kusoma msahafu bila miwani. Lakini ipo hasira moja niliyoisalia maisha yangu yote. Nimeifungia Ramadhani baada ya Ramadhani, na haijaondoka. Zamani niliionea haya. Siku hizi sioni haya tena.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa bondeni Kimisagara, hatua chache kutoka kijito cha Mpazi, katika nyumba ya matofali ya udongo yenye chumba kikubwa mbele. Asubuhi chumba hicho kilikuwa duka la ushonaji la baba. Alasiri kilikuwa chuo cha Kurani, baba akageuka kuwa Mwalimu Sefu, na watoto wa jirani walijaa kwenye mikeka na vibao vyao vya kuandikia. Harufu ya mafuta ya cherehani na ya wino wa masizi zilichanganyika hata hukuweza kuzitenga. Cherehani yenyewe ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu, ya chuma cheusi, meza yake ya mbao imelainishwa na viganja vya babu kabla ya baba. Mdogo wangu Yusufu, wa miaka minne, aliifanya meza hiyo kiti chake. Baba alikuwa akimshusha ili ashone, akigeuka kidogo tu mtoto keshapanda tena.

Mjini alikuwapo mtu mmoja aliyeitwa Kalisti, lakini sisi watoto tulimwita Bwana Maji. Kazi yake ilikuwa kupima mito. Alikuwa amesimika ubao wenye mistari na namba penye kivuko cha Mpazi, akaja kuusoma na kuandika katika daftari lenye jalada la kijani. Siku nyingine alitupa vipande vya mgomba majini, akakimbia navyo ukingoni huku akitazama saa yake, ili ajue maji yanakwenda kwa kasi gani. Tulikimbia nyuma yake tukicheka, nasi tukitupa vya kwetu. Hakutufukuza hata siku moja. Alituambia tu tusitupe mbele ya vyake, tutamharibia mbio.

Masika ya mwaka ule Mpazi ilitoka kwenye kingo zake. Ilikuwa asubuhi, kila mtu yuko macho, na Mungu alituhurumia, hakufa hata mmoja. Nakumbuka sauti kwanza, kama mawe yanayosagana, kisha maji ya rangi ya chai ya maziwa yakaingia mlangoni bila kubisha. Mama aliniweka dirishani. Baba alimweka Yusufu juu ya meza ya cherehani, akashikilia kingo zake. Maji yalipanda mpaka chini kidogo ya ubao wa meza, yakasimama hapo. Yusufu aliketi kama sultani, miguu imezama hadi magotini, kanzu yake kavu, anacheka. Maji yalipoondoka yaliacha ukutani mstari wa tope ulionyooka kuzunguka chumba kizima, karibu sawasawa na meza ile.

Siku ya tatu ikaja habari kwamba Bwana Maji atapita nyumba kwa nyumba kuuliza maji yalifika wapi. Jioni ile ile majirani walikutana uani kwetu. Aliyezungumza zaidi alikuwa Mama Zubeda, mwuza vitumbua, mwanamke ambaye ulimi wake uliogopwa kuliko mafuta yake ya moto.

"Mtu akija na daftari, ujue jina lako limo tayari," alisema. "Ukimwonyesha maji yalifika kifuani, atasema hapa si mahali pa kukaa watu. Utaamka uone alama ya rangi mlangoni, nyumba ibomolewe. Halafu Waswahili tutaambiwa twende wapi, tukakae mawinguni?"

Walicheka, lakini si kicheko cha raha. Wazee wetu, waliokuja na misafara ya biashara wakaoa hapa, waliwekwa Biryogo wakati wa wazungu, na kutoka nje ya mtaa kulitaka kibali. Baba mwenyewe alikuwa amehamishwa mara mbili kabla ya kufika bondeni, na mara zote mbili alitangulia mtu mpole mwenye daftari. Nilimwona akitazama mstari wa tope kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kesho tunapaka chokaa."

"Idi si bado, baba?" niliuliza.

"Mwaka huu tunaiwahi."

Basi bonde zima likapakwa chokaa. Nyumba ambazo hazikuwahi kuonja brashi ziling'aa kama mayai.

Bwana Maji alikuja siku iliyofuata, suruali imekunjwa, viatu mkononi. Alisimama mlangoni kwetu akavuta pumzi, na hakika harufu ile ilimjaa puani.

"Mwalimu, maji ilifika wapi hapa kwako?"

"Maji *yalifika*," baba alimsahihisha, maana hakuweza kujizuia, "hapa." Akagusa kifundo cha mguu.

"Kiswahili yangu iko ya sokoni, Mwalimu, unisamehe." Alitabasamu. Akapitisha kidole ukutani, akakitazama, kimekuwa cheupe. "Idi iko karibu?"

"Haiko mbali."

Alikifuta kidole kwa leso. Kisha akaeleza, polepole, kwa kila aliyekuwapo. Wakubwa wanataka kupitisha barabara huko chini, mwisho wa bonde, juu ya tuta la udongo, na Mpazi itapita chini yake ndani ya mabomba. "Mimi ndiye nitawaambia bomba ikuwe kubwa namna gani. Mukinipa maji kidogo, mimi nitawapa bomba kidogo. Mvua haitauliza mulisema nini." Akatutazama mmoja mmoja. "Sikuja kwa ajili ya nyumba zenu. Nimekuja kwa ajili ya maji tu."

Hakuna aliyemwamini. Hata wale wenye daftari waliomhamisha baba mara mbili za kwanza walikuwa na sababu nzuri.

Akanigeukia mimi. "Na wewe, mama, maji ilikufika wapi?"

Baba yangu ndiye aliyenifundisha kwamba uongo huandikwa na malaika hata ukiwa wa mzaha. Nilimtazama, naye akanitazama. Nikainama nikagusa kifundo changu.

"Mimi nilikaa kwenye cherehani!" Yusufu akadakia. "Maji yalifika hapa!" Akapiga magoti yake kwa viganja vyote viwili.

Mama Zubeda hakuchelewa. "Huyu? Huyu hukaa kwenye cherehani hata jua likiwaka. Ndipo ofisini pake."

Wote wakacheka. Baba akacheka. Mimi nilicheka zaidi ya wote, kwa kuogopa. Yusufu alitutazama, midomo imemwanguka, kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Bwana Maji akasubiri kicheko kiishe, kalamu hewani, labda mtu ataongeza neno. Hakuna aliyeongeza. Akaandika.

Barabara ikajengwa. Tuta likapita mwisho wa bonde kama ukuta, na tumboni mwake mabomba mawili ambayo hata mimi mtoto nisingeweza kuyapita bila kuinama.

Masika yaliyofuata mvua ilianza wakati wa alasiri, watoto wakiwa chuoni. Mpazi ilileta matope na migomba iliyong'oka, ikayaziba mabomba yale, na maji yakakosa pa kwenda. Hayakuja safari hii kwa kishindo. Yalirudi nyuma, kimya, yakijaa kama bakuli. Baba aliona yanaingia kwa mlango wa mbele akaanza kuwatoa watoto wa watu, wawili wawili kwapani, akiwapandisha mlimani, kwa sababu walikuwa amana mikononi mwake. Mama alikuwa mtaa wa Gitega, sokoni akiuza. Mimi nilibeba vibao. Yusufu alikuwa amelala chumba cha nyuma, na baba aliporudi mara ya nne ukuta wa nyuma ulikuwa umeanguka.

Tulimpata kesho yake. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Matanga yaliwekwa kwa baba mkubwa, nyumba hii hii ninamoishi sasa. Nyumba yetu haikuwapo tena. Kilichoopolewa ni cherehani, ikasimamishwa uani, tope limejaa ndani, imefunikwa shuka. Siku ya pili Bwana Maji akaingia, akavua kofia, akaketi mkekani pamoja na wanaume.

"Mwihangane," alisema, kwa Kinyarwanda, kama watu wanavyopeana pole hapa.

Baba alisimama. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti, hata kwa mtoto aliyekataa kusoma. "Unathubutu kuja hapa? Hesabu zako ndizo zilizomuua mwanangu. Mabomba ya kupitisha panya! Wewe ndiye uliyepima. Wewe."

Nilimngoja Bwana Maji aseme kwamba hesabu zilikuwa zetu. Alikuwa na daftari mfukoni, jalada la kijani lilionekana. Angeweza kulifungua na kusoma jina la baba na neno *kifundo*. Hakulifungua. Aliinamisha kichwa na kusema, "Niliona chokaa, Mwalimu. Ilinipasa kurudi kuuliza tena. Sikurudi."

Sijui ni nini kilichoniinua kutoka upande wa wanawake. Nilipita kati ya mikeka, nikaenda mbele yake, nikaweka mkono mbavuni. "Maji yalifika hapa. Ile mara ya kwanza."

Mama Zubeda aliita jina langu, "Hadija, rudi huku." Sikurudi.

Bwana Maji alipiga magoti mpaka uso wake ukalingana na wangu. "Mwaka jana ulikuwa mrefu hivi?" aliuliza, kwa upole kabisa. "Wewe unakua, mama. Mimi nataka kitu haikui."

Nikaenda kwenye cherehani nikavuta shuka. "Chini kidogo ya meza. Yusufu alisema."

Bwana Maji akatoa mita yake ya utepe, akaegemeza ncha moja ardhini, lakini utepe ukateleza. Baba alitembea mpaka pale. Nilidhani anakuja kunipiga. Akachutama, akaishika ile ncha chini kwa kidole gumba, akaikaza. "Soma," alisema. Bwana Maji akasoma, akaandika. Kisha baba akasema, bila kuinua macho, "Na nyumba ya jirani yalifika dirishani," na mwingine mkekani akasema, "Kwangu yalifika kitasani," na mmoja baada ya mwingine wakasema, Mama Zubeda akawa wa mwisho.

Miaka michache baadaye lile tuta lilikatwa, likawekwa daraja ambalo gari lingeweza kupita chini yake. Watu walilisifu. Mimi nililipita nimegeuza uso.

Kwa miaka nilimkasirikia Bwana Maji kwa adabu yake, kwamba alikiona kidole cheupe akanyamaza. Nilimkasirikia baba hata siku niliyomwosha miguu katika ugonjwa wake wa mwisho. Nilijikasirikia mimi, nikiwa peke yangu kwenye mswala. Nilikuwa mtu mzima tayari nilipoelewa kwamba baba hakuwa mwongo. Alikuwa mtu aliyefundishwa, tangu ujana, kwamba anayekuuliza unakaa wapi anataka usikae hapo. Waliomfundisha somo hilo hawakuja matangani, na majina yao hayamo katika daftari lolote la kijani. Hao siwasamehe. Nimejaribu, nanyi niombeeni.

Na lipo moja zaidi. Siku ile palikuwa na mtu mmoja tu chumbani aliyesema kweli, naye tulimcheka.

Cherehani ipo hapa, inafanya kazi. Wajukuu wakimaliza kupaka leo, nitarudisha kiti ndani, nitachukua kipande cha mkaa, na nitachora mstari ukutani, chini kidogo ya meza. Nitawaambia kila mwaka wapake ukuta wote, juu na chini, ila mstari huo wauache.