Darlene Mpima Bei

Watu wa serikali siwapendi, na Darlene Wojcik nilimchukia kabla hajafungua mdomo. Alipanda ngazi za jengo letu hapa Toledo akihema, kompyuta begani, akabisha kwa jirani yangu Opal na kumuuliza analipa kodi ya nyumba kiasi gani.

"Inakuhusu nini?" nilimdakia kutoka mlangoni kwangu.

"Merle, umeulizwa wewe?" Opal akanikata. "Karibu ndani, mwanangu. Kahawa iko motoni."

Kazi ya Darlene ndiyo hiyo, kupima bei. Asubuhi yuko supamaketi, anatazama bei ya mayai yaleyale ya kampuni ileile. Mchana yuko kwa kinyozi. Jioni anazunguka nyumba za kupanga, na kila miezi sita anarudi nyumba ileile na swali lilelile. Wakubwa wa Washington wanazijumlisha bei za nchi nzima, wanajua maisha yamepanda kiasi gani, na sisi wazee tunaongezewa pensheni kwa kiasi hicho. Darlene mwenyewe mume alimkimbia, magoti yanamuuma, chakula chake ni mkate wa siagi ya karanga anaokula garini. Lakini kicheko chake, lo! Kilisikika mpaka ghorofa ya chini.

Opal alikuwa mpishi wa shule kabla ya kustaafu. Akawa anamwekea pai ya tufaha.

"Siku ukija usinikute, utanitafuta?" alimtania.

"Thubutu! Sisi tunafuata nyumba, bibi, hatufuati mtu."

Wakacheka. Hata mimi nilicheka, mjinga mimi.

Kisha jengo likauzwa. Mwenye nyumba mpya akapandisha kodi ya Opal kutoka dola mia sita arobaini hadi mia tisa na kumi. Pensheni ilikuwa imeongezwa dola thelathini na kitu. Opal aliacha kununua nyama, kisha akaacha dawa za presha. Darlene aliporudi hakukuta kahawa. Opal alimshika mikono yote miwili.

"Andika elfu mbili, mwanangu. Waone hali ilivyo, watuongezee. Nakuomba."

"Siwezi, bibi. Na hata nikiandika, yako ni nyumba moja kati ya maelfu. Haitasogeza kitu."

"Basi si haimdhuru mtu? Andika!"

Darlene aliandika mia tisa na kumi huku machozi yakimdondoka. Nilimfuata kwenye korido nikamfokea, "Una roho mbaya wewe!"

"Mama yangu anakula pensheni hiyohiyo, Merle," akanijibu. "Nikianza kudanganya kwa ajili ya ninaowapenda, hizo bei zitakuwa na maana gani?"

Nikabamiza mlango.

Opal alitolewa mwezi wa Novemba. Alituaga kwamba anakwenda kwa binti yake, mji wa Dayton. Mwenye nyumba akaweka kiyoyozi cha nyumba nzima na choo cha pili, akapangisha kwa elfu moja na mia tano. Zamu ya Darlene ilipofika, alifunguliwa na kijana mwenye mbwa. Akauliza swali lake, akaja kwangu, akajitupa kwenye kiti.

"Sehemu ya nyongeza ile ya kodi haitahesabiwa kwamba bei imepanda," alisema. "Itahesabiwa kwamba nyumba imeboreka."

"Imeboreka kwa nani?"



Majira ya baridi yaliyofuata alinigongea mlango kwa fujo. "Vaa koti. Nimemwona Opal."

Alikuwa kwenye maegesho ya supamaketi ileile ya mayai, ndani ya gari lake kuukuu, mablanketi yametundikwa madirishani. Binti alikuwa amemkataa. Tulimpelekea supu ya kuku. Alishusha kioo kidogo, midomo imepauka kwa baridi.

"Njoo kwangu, kochi lipo," nilimwambia.

"Mkataba wako unaisha lini, Merle?"

"Machi."

"Na mwenye nyumba atakupandishia na wewe. Tutalala wote humu?" Kisha akaiona kompyuta begani kwa Darlene. "Mbona huniulizi, mwanangu? Miaka yote uliniuliza. Niulize."

Darlene alipiga magoti kwenye theluji, magoti yale mabovu. "Unalipa kodi kiasi gani, bibi?"

"Silipi kitu. Waandikie Washington. Waambie kwa Opal bei zimeshuka."

Darlene hakuandika. Gari halimo katika orodha yake ya nyumba.