Shingo ya Kwanza Iwe ya Fundi

Kila nikikuona umeinamia injini ya gari la zamani, mwanangu, nakumbuka siku moja niliyokaribia kuua mtu kwa kipande cha mpira.

Nilikuwa fundi kijana mjini Jinja, mikono myepesi, masikio mazito. Bwana Otieno, mfanyabiashara Mkenya, aliniletea gari la marehemu baba yake. Jumamosi lingempeleka binti yake kanisani Mbale kuolewa, na breki zilikuwa ngumu. Nikaona mpira unaotoka kwenye injini kwenda kwenye sevo, ule mtungi wa bati unaouongezea mguu nguvu, umepasuka. Madukani nikaukosa. Nikakata mpira wa maji, nikaufunga, nikakanyaga breki mara mbili pale uani. Ikashika. Nikajisifu.

Alhamisi tukaondoka pamoja. Kwenye mteremko karibu na Mbale, mama mmoja alikuwa akivuka na mkungu wa matoke kichwani. Otieno akakanyaga breki, nayo ikawa jiwe. Akaingiza gia ndogo, akavuta breki ya mkono, gari likasimama hatua mbili kutoka kwa yule mama. Otieno akajifuta jasho.

“Fundi, mimi nilitaka kumpeleka binti kanisani, si kaburini.”

Tukajikokota hadi kwa Mzee Swaibu, fundi wa Mbale. Nilimwambia sevo imekufa. Hakunibishia, wala hakushika spana. (Hilo nalistaajabia mpaka leo.) Aliniagiza nizime injini, nikanyage breki mara tano hadi iwe ngumu, kisha niwashe bila kuondoa mguu.

“Breki imeshuka chini ya mguu?”

“Haijashuka, mzee.”

“Basi sevo imekufa, au nguvu ya injini haiifikii. Tuanze na mpira.”

Akafungua boneti. Mpira wangu ulikuwa umelala bapa, kama mrija wa soda ulionyonywa ukiwa umebanwa. Ulikuwa laini mno. Ulipopata moto, mvuto wa injini uliufunga. Akaniuliza kama niliupima injini ikiwa ya moto. Nikakiri niliupima ikiwa ya baridi.

“Breki uliyotengeneza, kijana, shingo ya kwanza iwe yako. Ya mteja ifuate.”

Akafunga mpira mnene wa sevo aliokuwa nao, akanipa ufunguo, nikazunguka peke yangu hadi injini ikachemka. Tukarudia kipimo: breki ikashuka kidogo chini ya mguu wangu. Ndipo akamwita Otieno. Jumamosi nilisimama nje ya kanisa, nikatazama gari lile likisimama taratibu, hata shela ya bibi harusi haikutikisika.

Mwanangu, mwenye pupa hadiriki kula tamu. Uliza mguu kabla ya spana. Usiihukumu sevo kabla ya kuukagua mpira, na usiamini breki iliyopimwa injini ikiwa ya baridi. Kisha upande gari wewe kwanza. Mungu aibariki mikono yako, na kila anayevuka mbele ya gari ulilotengeneza afike kwake salama.